Marlys Aliposema Hataki

Katika karakana yetu ya barabara, huku kaskazini mwa Wisconsin, hakuna aliyewahi kumsikia Marlys Tollefson akisema anataka kitu. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, yeye kwenye lori namba saba, mimi namba nane, tukisukuma theluji ili watu wafike makazini. Ukimuuliza kama amechoka, atakujibu kwamba baridi ya leo ina nafuu. Mume wake alipohamia Arizona akamwachia mtoto wa miaka mitatu, Marlys alifika kazini kesho yake kama kawaida, akawasha lori, akasema angalau kabati la viatu sasa lina nafasi. Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Mimi Verlyn ni kinyume chake. Siri kwangu hailali siku mbili. Mke wangu husema ukitaka habari ifike kanisani kabla ya mchungaji, mpe Verlyn. Nalisema hili mapema ili mjue lile nililokuja kulifanya lilinitoa jasho.

Mtoto huyo, Signe, alikulia mikononi mwetu. Baada ya shule alimsubiri mama yake karakanani, daftari la hesabu likiwa juu ya pipa la grisi. Mwaka aliomaliza sekondari alikubaliwa na vyuo viwili, na vyote viwili vikaahidi kumlipia karibu kila kitu, kwa hiyo fedha haikuwa hoja. Kimoja ni chuo kikuu cha mashariki, katika jiji kubwa, chenye jina linalowafanya watu wakae vizuri kwenye viti vyao likitajwa. Kingine ni chuo kidogo, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwetu, wanafunzi elfu moja na mia mbili tu, na ukikitaja nje ya jimbo hili watu hudhani unataja zahanati. Alitakiwa kujibu kabla tarehe mosi Mei haijaisha.

Mji wetu una watu mia tisa, na wote wakaingia kwenye kampeni. Ijumaa, tulipokusanyika kula samaki wa kukaanga, mwenye duka la misumari alisema jina kubwa hufungua milango, asiye na jina atabaki anabisha hodi. Mwalimu wa muziki alimrukia. Kwenye chuo kidogo, alisema, mwalimu anakujua wewe ni nani, anakualika nyumbani kwake kula, na ukikosa darasa siku mbili anakuja kukuulizia. Wengine walitaka kujua tu Marlys atabandika jina la chuo gani kwenye kioo cha nyuma cha gari, maana kwetu mwaka wa masomo ukianza, gari la mzazi lisilo na karatasi hiyo huonekana uchi. Marlys alitafuna samaki wake.

Mama na binti walikwenda kuvitazama vyote viwili. Kutoka mashariki Signe alirudi macho yanang'aa, akanivuta pembeni.

"Mjomba Verlyn, niliingia kwenye ukumbi wa watu mia nne, nimechelewa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Hujui raha yake. Hapa nikikohoa asubuhi, jioni naletewa supu na nyumba tatu."

Aliongea kwa sauti ya chini kama anayeungama. Halafu akasema haraka kwamba bado hajaamua, kwa sababu mama atabaki peke yake katika nyumba ile.

Kutoka chuo kidogo, aliyerudi amebadilika ni Marlys. Waliingia kwenye darasa la kemia la wanafunzi kumi na mmoja, wazazi wakaketi nyuma. Profesa Hartwig, mama wa makamo mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alikuwa anaeleza jinsi chumvi inavyoyeyusha barafu. Akamuuliza yule mgeni wa nyuma anafanya kazi gani. Marlys akamwambia. Profesa akampa chaki, akaenda kuketi na wanafunzi.

Basi Marlys akasimama pale na koti lake la kazini, akaeleza kwamba chumvi kavu hurukaruka ikaishia mtaroni, na baridi ikizidi sana haifanyi kitu. Ndiyo maana sisi huilowesha kwa maji ya chumvi yanayobaki viwandani jibini ikishatengenezwa; yale hung'ang'ania barabara na hayagandi upesi. Wanafunzi waliandika. Walimuuliza maswali mpaka kipindi kikaisha, na Profesa akamwambia aingie siku yoyote atakayopita.

Nayajua haya kwa sababu alinisimulia wiki nzima, kwa redio ya lori na bila redio. Mimi ndiye niliyekuwa kimya, fikiria. Siku moja tukiziba mashimo ya barabara, alijiegemeza kwenye koleo.

"Nataka asome pale, Verlyn. Nataka mno. Na ukimwambia, nakuzika kwenye shimo hili na lami juu."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Nikimwambia atabaki," akasema, akaendelea kushindilia lami.

Tarehe mosi Mei, saa ya chakula cha mchana, Signe alikuja karakanani na kompyuta yake, akaiweka kwenye meza ya spana kati ya supu yangu na mkate wa mama yake. Alisema ameshasikia maoni ya mji mzima isipokuwa ya mtu mmoja.

Kwetu mtu akikukaribisha kitu, unakataa mara ya kwanza kwa adabu. Unakataa tena mara ya pili, pia kwa adabu. Mara ya tatu unasema ukweli, na hata keki ya matangani tunaila kwa utaratibu huo. Sijawahi kumwona mtu mzima akidanganya mara ya tatu, na Signe alilijua hilo vizuri.

"Mama, unataka nisome hapa karibu?"

"Hapana, usinifikirie mimi."

"Unataka nibaki?"

"Hapana, mimi niko sawa."

Signe akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Nauliza mara ya tatu. Unataka nibaki?"

Marlys alikunja karatasi ya mkate mara nne. Kisha akamtazama binti yake usoni.

"Sitaki," akasema. "Nenda."

Signe akanigeukia mimi. "Mjomba, wewe huna kifua. Mama alisema nini kuhusu chuo kile?"

Maneno yote ya wiki ile yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikatazama supu.

"Alisema kahawa yao mbaya," nikajibu. "Hakusema kingine."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akabonyeza, ikawa amechagua mashariki. Marlys alimkumbatia, akasema lori lake linahitaji kuoshwa, akatoka kwenda kuosha lori lililokuwa safi. Nilipomfuata alinipa mgongo. "Asante, Verlyn," akasema. Miaka kumi na tisa, ilikuwa mara ya kwanza.

Novemba, Signe alirudi kwa Sikukuu ya Shukrani, na mimi na mke wangu tukaalikwa. Kabla bata mzinga hajakatwa kila mmoja hutaja analoshukuru. Mke wangu alishukuru kwa goti lake jipya. Signe akasema anashukuru kwa kudanganywa.

"Mama hajawahi kunywa kahawa maishani mwake, Mjomba. Alijuaje kuwa ni mbaya?"

Mke wangu alicheka mpaka akaangusha uma. Mimi niliwaka masikio.

"Ulijua?" Marlys akauliza. "Na bado ukaenda?"

"Nilikuwa natamani kwenda na naogopa. Nikaona mama yangu anadanganya mara ya tatu kwa ajili yangu. Nikasema kama yeye ameweza hilo, mimi siwezi kushindwa kupanda ndege." Alisema mwezi wa kwanza alilia sana, kisha akapata marafiki, na sasa anapapenda. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Asante, Mama."

Nami nilishukuru kimoyomoyo, kwamba mara moja maishani nilifunga mdomo.

"Sasa niambie," Signe akasema. "Darasa lile la Profesa Hartwig, ulilipenda?"

Niliweka kisu mezani, maana nilijua tungengoja mpaka mara ya tatu.

"Nililipenda sana," akasema Marlys. "Nilitamani lisiishe."

Aliulizwa mara moja tu.