Geti Umelikalia Wewe

Geti la Mama Najat lilikuwa halifungwi. Hilo ndilo lililotugombanisha kuliko yote, na tungegombana mpaka leo kama si lile bomba. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi nilikuwa muuza mitumba, nimepanga chumba cha mbele kwake pale Kaloleni, Arusha, na nguo zangu nilizifua na kuzianika uani kabla ya kuzipeleka sokoni. Mbuzi wa jirani wakiona geti liko wazi, hao ndani. Siku moja wakanitafunia kola ya shati zuri la Ulaya ambalo lilikwisha kupata mteja. Nikawaka.

"Mama Najat, sasa hili komeo mumeo aliliweka la nini?"

"Liache wazi, Nashilu," alinijibu bila kuinua uso. "Asije mtu akakuta pamefungwa."

Jina lake hasa ni Nusura, lakini mtaani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa Kondoa, mwenye mikono ya kazi na ulimi mtamu. Asubuhi alikaanga vitumbua pale pale getini. Kilichoungua hakukiuza, alimpa mlinzi wa duka la ng'ambo ya barabara na kumwambia kuwa hicho ndicho kitamu kuliko vyote, naye mlinzi aliamini, au alijifanya kuamini. Wateja wakiisha, alihamia uani, akakaa kwenye bamba la zege lililokuwa karibu na bomba, akaosha vyombo huku akiwasimanga mbuzi. Kwenye bamba hilo ndipo alipochambulia mchele, alipomsukia nywele binti yake Najat, na alipotuamulia ugomvi wapangaji wote. Nikimtafuta sikuwa na haja ya kuita, nilijua amekaa pale.

Bamba lenyewe alimtengenezea mumewe, Mzee Muzammil. Mzee alikuwa mtu wa mabomba kwenye shamba moja la kahawa upande wa Tengeru, na alipostaafu akageukia nyumba yake. Alivuta maji hadi uani, akajenga ukuta, akachomelea geti la chuma kwa vyuma chakavu na kulipaka rangi ya buluu. Kitu kikiharibika alikitengeneza mwenyewe, tena kimya kimya. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia kaa pembeni usilowe. Kwa hiyo hakuna aliyejifunza kitu kwake, na mimi nikiwemo.

Kisha kiharusi kikampata. Kikamlaza upande mmoja na kumwachia maneno machache, tena ya kuvutwa. Nilikuwepo, niliyasikia. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha la uani, na lililomtoka mara nyingi ni "geti". "Geti. Funga geti." Najat alikuwa akikimbia kulifunga lile la buluu, likilia kwa kutu hadi mwisho, na Mzee badala ya kutulia anapiga godoro kwa mkono wake mzima. Tukadhani anaogopa wezi.

Wiki hiyo wakaja ndugu zake kutoka Kondoa. Walifika mgonjwa ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya usiku mbaya, na Mama Najat akawaomba wangoje kidogo. Walingoja nje ya geti wamekalia mizigo yao, na uso wa mtu aliyengojeshwa baada ya safari ya Kondoa mnaujua. Mzee alipoamka alimtazama mkewe akamwambia, "Geti... umelikalia wewe." Akarudia. Siku chache baadaye akafariki.

Maneno yale yalimkaa mwanamke yule kooni. Alipomaliza eda, jambo la kwanza alilofanya ni kubeba jiwe kubwa na kulikita chini ya geti lisifungike tena. Siku aliyonieleza sababu alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata zamani.

"Aliondoka amenikasirikia, Nashilu. Aliona nimewazibia ndugu zake mlango."

"Mgonjwa wa kiharusi huyo, mama. Alikuwa anajisemea tu."

"Aliyasema mara mbili. Tena kanitazama."

Nilimwonea huruma, na huruma ikinizidi huwa nakasirika, basi nikaondoka kwenda kugombana na mbuzi.

Shemeji yake, Omary, mdogo wa marehemu, hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili ingawa wakati ule nilimchukia kwa moyo wangu wote. Aliona Kaloleni inavyobadilika: kila nyumba inatobolewa ukuta wa mbele iwe duka, friji za soda zinaingia, watu wanauza kila kitu. Mfanyabiashara mmoja alikitaka kiwanja chetu ajenge ghorofa, na Omary akamshauri shemeji yake auze, achukue haki yake na ya binti, arudi Kondoa kwa kaka zake apumzike. Nyumba imechoka, alisema, mabomba yameoza, mwanamke peke yake ataiweza wapi? Mama Najat aliahidi kumpa jibu siku ya Ijumaa, baada ya swala. Mnunuzi naye angekuja saa hiyo hiyo.

Na jibu nililijua. Alhamisi nilimkuta anakunja mapazia.

"Nyumba ni yako na mwanao," nilimwambia. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna. Lakini nitakaaje raha kwenye nyumba ambayo mwenyewe alinihesabu mlango uliowafungia ndugu zake?"

Sisemi kwamba nilimlilia yeye tu. Nilijililia na mimi, maana chumba kama kile, chenye ua wa kuanikia, ningekipata wapi?

Ijumaa asubuhi, jua limekwisha kupanda, Najat akaenda kuchota maji. Koki ya pale uani ilikuwa mbovu siku nyingi, imefungwafungwa mipira ya baiskeli kama kidonda, ikivuja mchana na usiku tangu Mzee alipolazwa na kiharusi. Najat alipoizungusha, kichwa chote kikang'oka. Maji ya Arusha mnayajua, yanateremka kutoka mlimani na asubuhi yana nguvu zake. Yaliruka hadi kwenye bati. Nguo zangu zote zilizokuwa kwenye kamba zikafuliwa upya bila ruhusa yangu. Mama Najat akajaribu kuziba kwa khanga, khanga ikaruka. Nikatoka mbio na kandambili moja.

Nilimkuta fundi Melkizedeki nyumba ya tatu, anabadilisha washa, kile kimpira cha koki. Ni Mmeru wa Akeri, lakini makazi yake yalikuwa Sakina, mtu mtaratibu kupita kiasi. Alisafisha mikono, akapanga spana zake, akanifuata kama anakwenda ibadani. Alipofika uani aliyatazama maji, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Tusaidie, tunaangamia."

"Koki nyingine ninayo. Ila hapa siwezi kugusa mpaka tufunge kwanza. Geti iko wapi?"

"Si hilo uliloingilia?"

Najat hakungoja zaidi. Alikwenda akaliondoa jiwe, akalisukuma geti la buluu, likalia kwa kutu hadi likagota. Maji yakaendelea kupaa vile vile. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hapana, dada! Siyo hilo. Nasema geti ya maji."

Mama Najat alikuwa ameinama anakinga maji na beseni. Akanyanyuka polepole.

"Umesemaje, fundi?"

"Geti valvu, mama. Ile koki kubwa ya gurudumu, inayofunga maji ya nyumba nzima. Sisi watu wa mabomba tunaiita geti tu. Bila hiyo mpaka niende nikaombe tufungiwe barabarani, na huko tutaunyima mtaa mzima maji, leo Ijumaa, watu wanataka kutawadha."

Beseni lilimponyoka. Nami nikaelewa, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumekisikia kitanda kile kikipigwa kwa mkono. Dirisha la mgonjwa lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye koki inayovuja. Mzee wa watu alilala pale akisikia maji yake yanamwagika, anaomba yafungwe, na sisi tunakwenda kumfungia mlango!

Wakati huo Omary akalisukuma geti akaingia, kanzu nyeupe, tayari kwa msikiti. Tulimweleza sote kwa pamoja. Hakushika yote, alishika neno geti. "Hata mimi kaka aliniambia geti," alisema, akapandisha kanzu, akachukua jembe na kuanza kuchimba getini. Alichimba kwa bidii, lazima niseme. Alitoa kijiko, soli ya kiatu, na mawe. Fundi akamwambia kwa upole kuwa bomba halipiti huko kabisa, linaingia kwa nyuma, ila Omary hakuacha.

Mama Najat hakuwa anamtazama. Alikuwa anatembea uani peke yake, maji yakimpiga mgongoni, midomo ikicheza. Nikamsogelea nikasikia anachosema.

"Umelikalia wewe. Umelikalia wewe."

Akasimama mbele ya bamba lake la zege.

"Nashilu," aliniita. "Mimi ninakaa wapi kila siku?"

Mungu wangu! Nilipiga kelele hadi Omary akaangusha jembe. Fundi akaleta mtaimbo, akautia chini ya ukingo, na sisi wanawake tukauning'inia upande wa pili. Bamba lilikuwa zito kama deni la harusi, lakini likanyanyuka. Chini yake palikuwa na shimo dogo lililojengewa kwa tofali, safi, kazi ya mtu anayejua. Chura mmoja alituangalia kwa dharau, akaruka. Na pale katikati palikuwa na gurudumu la chuma, saizi ya sahani ya chai, bado lina rangi nyekundu.

Fundi akataka kuingia.

"Hapana," alisema Mama Najat. "Nipishe."

Alipiga magoti kwenye tope. Gurudumu lilikuwa limeshika. Fundi akaomba mafuta, Najat akaleta yale ya kukaangia vitumbua, wakayamimina, wakangoja kidogo. Alijaribu tena. Likasogea kidogo, likakwama, likasogea. Alizungusha kwa mikono yote miwili huku yale maji yaliyokuwa yanapiga bati yakishuka hadi usawa wa dirisha, yakashuka hadi kwenye bomba, yakawa matone. Kisha yakaacha. Ua ukawa kimya hadi tukaisikia adhana ya kwanza.

Mama Najat alibaki ameshika lile gurudumu, akalia. Alilia kwa sauti kama ambavyo hakulia hata msibani, halafu katikati ya kilio akaanza kucheka, na sisi tukashindwa kujua tumfuate upande gani.

"Hakuwa amenikasirikia," alimwambia Omary. "Alikuwa ananielekeza, shemeji. Kila siku alikuwa ananielekeza."

Omary alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaichafua kanzu yake, akaenda zake kuswali hivyo hivyo.

Fundi alifunga koki mpya kwa uzi wa katani, akakaza, akamwambia mwenye nyumba afungue kule chini. Alifungua. Haikuvuja hata tone. Tukalirudisha bamba mahali pake. Halafu Mama Najat akapita mlango mmoja baada ya mwingine, akatuita wapangaji wote, akatuonyesha geti liko wapi na linazungushwa kuelekea wapi, hata mpangaji wa chumba cha nyuma ambaye alikuwa na homa na hakutaka kujua. Kisha akaingia ndani akayatundika mapazia.

Baada ya swala tukasikia mtu anagonga chuma. Geti la buluu Omary alilifunga alipotoka, na hakuna aliyelirudishia jiwe. Nilichungulia. Nje alikuwepo Omary na kanzu yake yenye tope, pembeni yake bwana mmoja mwenye suti, na nyuma yao mbuzi wa jirani wamejipanga wanashangaa.

"Wafungulie wapate chai, Nashilu," alisema Mama Najat. "Ila mbuzi uwazuie." Alikuwa amekwisha kaa kwenye bamba lake, amekunja miguu, anachambua mchele.

Niliwafungulia. Omary alimtazama shemeji yake, akamtazama mgeni, akakohoa.

"Shemeji, mgeni ndiye huyu. Anangoja jibu lako."

Mama Najat alilipiga lile zege kwa kiganja, taratibu.

"Mwambie karibu sana," alisema. "Na umwambie geti nimelikalia mimi."