Proforma Tatu za Kikinga Kimoja

Mpaka leo nikisikia neno "proforma" damu hunichemka. Nilikuwa mtunza stoo wa vifaa vya bustani za jiji, hapa Bujumbura. Mashine iliyobaki ikifanya kazi ni moja, ile ya kukatia majani inayobebwa begani, nayo ilikuwa imevunjika kikinga, kipande cha plastiki kinachozuia mawe yanayorushwa na kisu yasimpige mkataji. Miwani ya kazi tulikuwa tunaiona kwenye picha tu. Mkataji wetu alikuwa mzee mmoja mkimya, na macho yake yalikuwa yanategemea bahati. Niliwaandikia wakubwa hivyo hivyo.

Kanuni za manunuzi zilitaka proforma tatu, yaani bei za wauzaji watatu, kila moja na kashe yake, muhuri wa duka. Lakini kikinga kile kiliuzwa na duka moja tu, kule Jabe. Kila mtu alijua dawa yake: muuzaji anafungua droo, anatoa kashe mbili za maduka yasiyokuwepo, anaandika karatasi zote tatu mwenyewe. Mimi nikakataa uongo huo. Nikapeleka proforma moja na barua ya kueleza kwamba muuzaji ni mmoja. Nilijiona mwadilifu, mjinga mimi.

Mkuu wa manunuzi hata hakuisoma barua.

"Apana, mama. Hii dosiye haiko kamili. Leta zingine mbili."

"Shefu, hakuna mutu mwengine anauzisha hiyo kitu."

"We leta tatu. Sheria si mi nilitunga."

Nikaandika tena, faili langu la maombi, hiyo dosiye, likarudi tena. Mzee aliendelea kukata, kwa sababu wakubwa walitaka majani mafupi. Ningeweza kuifungia mashine stoo na kukaa na ufunguo. Sikufanya hivyo, na hilo nalo linanikasirisha.

Asubuhi moja wakaja kuniita mbio. Nilimkuta mzee amekaa ukingoni mwa bustani, kiganja juu ya jicho la kushoto, damu ikipita katikati ya vidole. Hospitalini walijaribu, wakashindwa kuliokoa.

Kesho yake nilikwenda Jabe, muuzaji akafungua droo yake. Nilipeleka karatasi tatu, mwandiko mmoja, wino mmoja. Kabla ya saa za kazi kwisha saini zote zilikuwa tayari.

"Unaona, mama?" mkuu akaniambia huku akitabasamu. "Sasa unajua kazi."

Nilitamani kumtemea mate usoni. Badala yake nilisema asante, na asante ile bado inanichoma.

Mzee aliporudi kazini alitaka kukifunga kikinga mwenyewe. Nilimshikia mashine. Alikuwa anapeleka bolti pembeni ya tundu, anakosa, anaanza upya. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausogeza taratibu.

"Acha, mama," akasema. "Nitazowea tu."