Mbao za Theluji za Kukodi

Siku tulipoingia katika duka lile la kukodisha vifaa vya theluji, mke wangu alikuwa na magoti mawili mazima. Naanza na hilo kwa sababu wanaotuona sasa hapa mtaani kwetu Ngokolo, yeye akiburuza mguu wa kulia kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, hudhani ni sukari au ni uzee. Uzee gani? Ana miaka hamsini na mmoja. Kabla ya safari ile alikuwa akikanyaga cherehani yake ya miguu tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri, na kuimba juu yake.

Tulikuwa tumekwenda kwa binti yetu wa kwanza. Ni nesi Austria, na kwa miaka mingi alikuwa akituambia njooni, njooni, hadi tukaishiwa visingizio. Alipanga likizo ya siku tano milimani, sisi watatu. Mimi nikasema theluji nitaitazama dirishani.

"Baba, uje huku uondoke bila kuikanyaga? Utawaambia nini watu wa Segese?"

Alinijua. Segese ndiko ninakokodisha pampu za kuvuta maji mashimoni na mashine za kutobolea mwamba. Kazi ya kukodisha vifaa naijua ndani nje. Kabla ya hapo nilichimba mwenyewe Rwamgasa, miaka kumi na mmoja ndani ya duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, na nikatoka na vidole vyangu vyote kumi. Kwa hiyo sikuingia duka lile kama mshamba aliyekuja kushangaa. Niliingia kama mtu wa biashara anayekwenda kumkagua mwenzake.

Duka lilikuwa chini ya ardhi, unashuka ngazi. Lilinuka soksi mbichi na nta. Viatu vya plastiki ngumu vilikuwa vimepangwa ukuta hadi ukuta, vyote vimeachama midomo. Mke wangu alisimama kwenye ngazi ya mwisho, hakutaka kuendelea.

"Viatu vyote hivi," alisema, "wenyewe wako wapi?"

Binti yetu alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilicheka kwa kuchelewa.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa na maneno mengi. Alitupima nyayo, akatuvalisha viatu, akagongagonga visigino kwa ngumi kusikiliza kama kuna nafasi. Viatu vile havikunji kifundo cha mguu hata kidogo. Vinakushika hadi katikati ya muundi. Mke wangu alijaribu kutembea akawa kama jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba, akashika meza na kusema hiki si kiatu, hii ni plasta ya hospitali.

Kisha fundi akaanza kuuliza: umri, urefu, uzito, umewahi kuteleza au hujawahi?

"Mwambie kilo sabini," mke wangu alisema.

"Mama, usidanganye, wanahitaji kweli."

"Basi sabini na nane. Na wewe baba usinitazame hivyo, hizo nane ni za ugali ulionunua mwenyewe."

Fundi aliandika. Akachukua bisibisi, akaziweka mbao zetu mezani. Kila mtu alikuwa na mbao mbili ndefu, na juu ya kila ubao kuna kibanio cha chuma kinachodaka kiatu mbele na nyuma. Kwenye kibanio kuna kidirisha kidogo chenye namba, na skrubu ya kuipandisha au kuishusha. Za binti yetu alizifunga kwenye sita. Zangu tano. Za mke wangu alizirudisha chini, akazirudisha tena, hadi nne.

Nilimwambia binti yangu aulize namba ile ni ya nini. Akauliza, akanitafsiria.

"Ni nguvu ya kushika, baba. Ikiwa ndogo, kiatu kinachomoka upesi ukianguka. Mama ni mgeni, ndiyo maana amewekewa ndogo."

Nisemeje ili mtu ambaye hakuwahi kushuka duarani anielewe? Kwetu mgeni ndiye anayefungwa zaidi. Mzoefu anaweza kushuka na fundo moja kiunoni, hata mwingine hushuka kwa kukanyaga vishimo vya ukutani tu. Mgeni afungwa mafundo mawili, na anayeyafunga ni mtu mzima wa duara, si yeye mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kulikuwa na mtu wa Kigoma, mkubwa kwangu, mpole sana, siku yake ya kwanza. Alifungwa fundo moja na mtu aliyekuwa na haraka. Fundo likaachia. Mimi ndiye niliyeshuka kumfuata, na sitasimulia nilichokikuta. Tangu siku ile kamba zote za duara letu nilizifunga mimi, na hakuna hata moja iliyowahi kuachia mtu. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani hilo kwa majivuno kuliko mimi mwenyewe.

Sasa hapa mtu anachukua mwanamke ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji, anampandisha mlimani, halafu anamfunga kwa fundo legelege kwa sababu eti ni mgeni. Niliona ni wazimu.

Tulipokuwa tunaondoka fundi aliniita. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda alikuwa ameyaona macho yangu kwenye ile bisibisi. Alisema maneno machache akigonga kibanio kwa kidole.

"Anasema msiguse skrubu," binti yetu alisema. "Kitu kikiwasumbua mrudishe hapa, atarekebisha yeye."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikatabasamu. Maneno hayo hayo mimi huwaambia wateja wangu wa pampu kila siku: usiguse, niite. Nawaambia hivyo kwa sababu nahurumia pampu. Mwenye kukodisha huhurumia mali yake. Roho yako ni juu yako. Ndivyo nilivyomsoma mama yule, kwa kipimo changu mimi. Ningeweza kumwuliza swali moja tu, kwa nini umemlegezea mgeni? Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Sikuuliza. Mtu wa biashara hamwulizi mwenzake.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa na chumba cha chini cha kuhifadhia mbao, na meza ya ufundi kwa ajili ya wageni. Asubuhi, binti yetu akiwa bado anaoga na mke wangu nikidhani yuko kwenye sala zake, nilishuka. Bisibisi ilikuwa imening'inia ukutani. Nilianza na mbao zangu, nikazipeleka nane. Kisha nikachukua zake. Skrubu iligoma kidogo, halafu ikakubali, na ile namba ikaanza kupanda kwenye kidirisha: tano, sita, saba. Nilifika nane nikaona haitoshi. Mgeni mafundo mawili. Nikamalizia tisa, mbele na nyuma, mguu wa kushoto na wa kulia, nikapitisha kidole gumba juu ya kila kimoja kama nilivyokuwa nikipitisha juu ya mafundo. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote tangu tutoke nyumbani.

Tulikuwa tunakunywa chai ulipotoka mlio mlimani. Mlio wa baruti. Huo siwezi kuukosea. Ukafuata mwingine, na mwingine. Binti yetu alisema wanalipua theluji iliyojikusanya juu ili isije ikawaporomokea watu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kikombe na kuanza kuhesabu, maana mchimbaji akisikia baruti huhesabu: umewasha tambi ngapi za baruti, zimelia ngapi. Ambayo haijalia ndiyo itakayokuua. Zililia tano. Sikujua waliwasha ngapi, na hakuna aliyeonekana kujali. Watu waliendelea kupaka siagi kwenye mkate.

"Yaya," mke wangu alisema kwa Kisukuma, akikataa. "Mimi leo nabaki."

Binti yetu alianza kumbembeleza. Mimi ndiye niliyemaliza ubishi. Nilimwambia, "Usiogope. Mbao zako ziko salama."

Alinitazama muda mrefu, akainuka, akaenda kuvaa soksi.

Mteremko wa wanaojifunza ulikuwa mdogo, hata mbuzi angeudharau. Ukungu ulikuwa umeshuka, watu wanatokea ghafla mbele yako na kutoweka bila kishindo. Sikuzoea mahali ambapo watu wengi hawatoi sauti. Nilianguka mara tatu kwa makalio, laini kama kwenye pamba, nikainuka. Mwanamke mmoja mnene alianguka mbele yetu akabingirika; ubao mmoja ukachomoka mguuni ukaenda zake. Alikaa kwenye theluji akicheka, binti yetu akamletea ubao wake, akauvaa, akaendelea.

Nami nikajisemea: unaona? Wake umemwachia.

Namkumbuka mke wangu akija. Alikuwa anakwenda taratibu, mwendo wa ng'ombe waendao kunywa maji, mikono ameitanua, ulimi ameuuma kama anapotunga uzi kwenye sindano. Nadhani alikuwa ameanza kufurahi. Kisha ncha ya ubao wa kulia ikaingia kwenye tuta la theluji laini na kusimama. Yeye hakusimama. Mwili wote ukageuka, ukalala upande wa kushoto, na mguu wa kulia ukabaki pale pale ukitazama ulikokuwa ukitazama.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyebwaga ndoo ya maji.

Nilifika kwa magoti. Ubao ulikuwa bado umemshika, umesimama wima kwenye tuta, na kila alipotikisika kidogo goti lilizidi kusokoteka. Nilikandamiza kibanio kwa viganja vyote viwili hakikufunguka. Binti yetu aliteremka, akaegemea kwa fimbo yake na uzito wake wote, mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu kikafunguka. Uso wake ulikuwa wa kinesi, hauna kitu, ila alikuwa akitazama kile kibanio.

Walikuja watu wenye makoti mekundu wakamfunga kwenye kitoroli cha kuteleza, wakamteremsha ndani ya ukungu. Hospitalini walisema mfupa chini ya goti umepasuka na kano mbili zimekatika. Wakamfanyia upasuaji. Daktari alieleza mengi, nami nikauliza moja tu: atakanyaga cherehani? Binti yetu alitafsiri swali, na daktari akataka aelezewe kwanza cherehani ya kukanyaga ni kitu gani.

Siku ya pili baada ya upasuaji binti yetu aliingia wodini amevaa koti, amekunja mdomo. Alikuwa ametoka kurudisha vifaa. Ajali ikitokea huwa wanapima mbao za aliyeumia, alisema, na yule fundi amezipima mbele yake. Za mama zilikuwa tisa. Kwa namba aliyoiweka yeye, ubao ungemwachia mguu palepale, mama angeanguka, angecheka kama yule mwanamke mwingine, angeinuka. Sababu ya namba kuwa ndogo ni kwamba mgeni huanguka vibaya, na mbao ndefu zisipomwachia humvunja.

"Kuna mtu amezigusa," alisema. "Nataka kujua ni nani."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Ulimi ulikuwepo mdomoni, maneno yalikuwepo, nilikuwa hata nimeshavuta pumzi.

"Ni mimi," mke wangu alisema.

"Mama!"

"Nilikuwa nachezeachezea. Niliona skrubu nikaikaza. Mimi si mtu wa cherehani? Kitu kikilegea nakaza."

Binti yetu alilia kwa hasira. Alisema aliwatafsiria kwa Kiswahili kizuri kabisa msiguse, ni neno gani hapo lilikuwa gumu. Mama yake alisema wabeja, ng'wanangu, wabeja, kama mtu anayeshukuru kwa kugombezwa. Binti akatoka kwenda kujaza karatasi. Mlango ukajifunga.

Nikamwuliza kwa nini amesema vile.

"Nilikuona," alisema. "Nilishuka kukuita chai. Nilisimama mlangoni nikakutazama mpaka umemaliza."

"Ukanyamaza? Na umesikia kwa masikio yako fundi alivyokataza?"

"Nilisikia." Alifumba macho, dawa ilikuwa inamchukua. "Nilidhani unajua."

Tumerudi nyumbani muda mrefu sasa. Watu walipokuja kumpa pole aliwachekesha, akasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Cherehani nimemfungia mota ya umeme, lakini anasema inakimbia kuliko mkono wake, anaizima. Haimbi akishona. Binti yetu hupiga simu kila Jumapili, na haipiti wiki bila kumkumbusha mama yake jinsi alivyojiharibia mguu kwa ubishi, na mama yake hujibu ndiyo, mwanangu, nilikosa. Jumapili iliyopita alimgombeza tena, kwa muda mrefu kidogo. Simu ilikuwa kwenye spika, juu ya meza, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo.