Ndevu na Kipara Sebuleni kwa Baba

Wazee waliokuwa wakija kwetu Tooting, kusini mwa London, kila Jumapili alasiri kutazama mpira wa kikapu wa Marekani hawakuujua mpira wa kikapu. Nasema bila kumung'unya maneno, maana kachori walizokula nilizikaanga mimi. Mmoja wao alitazama miaka miwili ndipo akauliza kwa nini goli jingine ni mbili na jingine ni tatu. Walichokijua ni kwamba kuna wachezaji wawili, mwenye ndevu na mwenye kipara, na kwamba hao hawapatani. Mashabiki wa ndevu walikaa kwenye sofa, wa kipara kwenye viti vya jikoni karibu na dirisha, na wasingehama hata kwa polisi. Unguja waligombana kwa ajili ya vyama mpaka mapinduzi yakawatawanya wote. Wakafika London, watu wazima na sukari zao, wakaanza kununiana kwa ajili ya wanaume wasiojua hata Zanzibar iko wapi. Wakicheza wengine, hawaji.

Niliwadharau, na baba yangu nilimdharau zaidi kwa kuwabembeleza. Lakini tangu mama afariki, baba alikuwa haongei ila Jumapili. Siku sita nyumba kimya, nikirudi kazini namkuta ameketi na koti lake. Jumapili anacheka, anabisha, anaitisha chai.

Ndipo mwenye ndevu akaumia goti. Stesheni ya televisheni, iliyokuwa na akili zilezile za wazee wangu, ilionyesha mechi mbili tatu bila yeye, kisha ikaweka mchezo wa snuka. Jumapili tatu hakuja mtu. Zote tatu baba alivaa shati safi, akakaa.

Ya nne nilimpigia simu mmoja wao.

"Shikamoo, ami. Leo mpira upo."

"Nani na nani?" Hakuuliza hata hali ya baba.

"Ndevu na kipara."

"Kwani goti limeshapoa?"

"Limepoa."

"Basi n'nakuja, mwanangu. Wenzangu n'tawaambia mie."

Mechi za nyuma za ndevu na kipara nilikuwa nimezirekodi. Wazee walipokwisha kukaa, nikajifanya napangusa vumbi, nikabonyeza kitufe cha video. Kanda ikaanza na kipande cha utabiri wa hali ya hewa: theluji nzito, watu wasisafiri bila lazima. Nje ulikuwa mwezi wa Mei na dirisha liko wazi. Hakuna aliyeshtuka. Wakaipigia kelele mechi waliyokwisha kuipigia kelele Januari, wakabishana yaleyale, na mmoja akaapa kwamba mwenye ndevu amerudi na nguvu mpya.

Baba alitazama dirishani, akanitazama mimi. Nikaona aibu, nikashusha macho. Kisha akageukia televisheni, akapiga kelele kuwashinda wote.

Walipoondoka nilikusanya vikombe, nikijua sitamsikia tena mpaka wiki ijayo. Akanifuata jikoni, akafunga bomba nililoliacha wazi.

"Jumapili weka ile aliyoshinda kipara," akasema. "Wale wa dirishani leo wametoka wanyonge. Wasije wakasusa."