Wahabu Asiyekula Majani

Asiyemjua Wahabu hapa mpakani Mpondwe, basi kashuka kwenye lori leo asubuhi. Ni wakala wa forodha. Miaka ishirini maharage na kabeji za kwenda Kongo zimepita mikononi mwake. Kooni haikupita hata punje. Mimi Naswiba nauza chakula karibu na geti, na kila nilipomwekea sombe, majani ya muhogo, pembeni ya sahani aliisukuma. "Dada, majani ni ya mbuzi. Mimi nakula mbuzi mwenyewe." Watu wanacheka. Nyama choma mchana, nyama choma jioni, na ile iliyoungua ikawa nyeusi ndiyo anaigombania.

Mwaka jana akaona damu chooni. Akasema ni bawasiri, akanunua dawa ya mizizi sokoni, akanyamaza miezi mitano. Mkewe, Jamidah, ndiye aliyemburuta hospitali. Wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana: saratani, bado changa. Wakaikata. Jamidah aliniambia kwa siri alipokuja kumwagizia mboga. Daktari hakusema nyama peke yake ndiyo iliyoleta. Alisema kula nyama nyekundu kila siku, mboga na maharage huyagusi, kunaongeza hatari. Tena akasema ndugu wa tumbo moja naye apimwe haraka.

Ndugu huyo ni Faruku, mdogo wake, wakala vilevile. Wanakula meza moja hapa kwangu.

Sasa Wahabu akamwambia? Thubutu! Aliwaambia watu alikwenda Kampala kikazi. Sombe nikawa namfungia kwenye mfuko mweusi, anaila ofisini mlango umefungwa kama mwizi. Mezani anasema amefunga. Jumatatu na Alhamisi, sawa, sunna. Wahabu alifunga hata Jumanne! Wenzake wakaanza kumwita sheikh. Na nyama ya sheikh, aliyokwisha kuilipia, inaliwa na nani? Na Faruku. Sahani mbili kila siku, na dua juu yake: "Mungu akuzidishie, kaka."

Nilivumilia wiki tatu. Ya nne nikamfuata ofisini, nikamkuta na sombe mdomoni.

"Unaogopa kuchekwa," nikamwambia, "na mutoto wa mama yako unamulisha fungu lako! Akifa, hiyo aibu utaiweka wapi?"

 Nikatoka, mlango nikaubamiza.

Mchana akaja mezani, wote wapo, akaomba sombe kwa sauti. Vicheko! "Sheikh leo amefuturu mapema!" Faruku ndiye aliyecheka kuliko wote, huku akijivutia sahani ya nyama ya kaka yake. Wahabu akaishika ile sahani.

"Faruku, mimi nilikatwa utumbo. Ilikuwa saratani. Ilianza na damu chooni. Wewe je, unaona damu?"

 Faruku akaangalia nyama aliyoshika, akaangalia wenzake, kisha kaka yake.

"Tangu Ramadhani," akasema.