Saa Iliyoupima Mhogo

Juzi, dukani Kibiti, bwana mmoja mwenye raba za mazoezi alikuwa akichagua saa ya kupima mapigo ya moyo.

"Nipe kama ile niliyomnunulia mama," alimwambia muuzaji. "Tangu aivae, dawa za presha kaziacha. Saa inamwambia yuko sawa."

Bibi muuza mhogo aliyekuwa mlangoni akatua beseni lake. Akaichukua saa aliyoishika yule bwana, akaifunga kwenye mhogo. Kioo kikawaka: mapigo ya kawaida kabisa.

Muuzaji akatazama dari. Yule bwana akatoa simu, akampigia mama yake.

"Pokea, mama," alinong'ona. Simu ikaendelea kuita.

Kwetu hapa mhogo hatuununui mpaka tuumege, tuuonje, tusije tukala mchungu ukatuua. Saa tunavaa tu.