Matundu ya Vifungo Kwenye Mbavu za Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa wake niliugundua kwenye suruali. Nilikuwa naipiga pasi ile ya kijivu, ya kanisani, nikaona kiunoni mistari mitatu ya tundu za sindano, mmoja ndani ya mwingine. Mtu alikuwa ameipunguza, akaifumua, akaipunguza tena. Nikafungua sanduku, nikatoa nyingine. Zote zimepunguzwa. Mzee alikuwa anakonda, na kila alipokonda alijishonea uongo mpya wa kumtosha.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba tulifanya kazi pamoja, kibanda kimoja karibu na soko la Kamembe, Rwanda, yeye akishona na mimi nikitoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo. Siku nzima magoti yetu yalikaribia kugusana, na sikuona kitu. Mimi ninayejidai kuona uzi uliokosewa kutoka ng'ambo ya barabara! Hadi leo najikasirikia.

Nilichokuwa nimekiona ni kingine: baba alikuwa amekataa chakula cha mama jirani.

Huyo mama lazima nimweleze. Sisi tulirudi kutoka Bukavu baada ya mauaji ya kimbari, watoto wa wakimbizi wa zamani, tukaingia katika nchi tuliyoiita yetu bila kujua hata kisima kiko wapi. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki huko ng'ambo. Tulifika na cherehani moja na magodoro mawili. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama mmoja Mwislamu wa nyumba ya pili, mkaanga sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, pale sokoni, mke wa fundi redio. Mkononi ana sahani ya bugali na sambaza za nyanya. Hakuuliza sisi ni nani wala tumefuata nini. Aliuliza kama tunakula pilipili. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, baba alikula kwake.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, iwe pombe, iwe mchuzi, ili mgeni aone hakuna sumu. Wanaopendana huisahau desturi hiyo, na mama jirani alikuwa ameisahau zamani. Lakini miaka ile watu walikuwa wakipimana kwa macho. Vita vya Kongo vilikuwa vinanguruma upande wa pili wa daraja la mpakani, kila mtu alikuwa amezika mtu, na aliyekonda ghafla hakuulizwa anaumwa nini. Aliulizwa amekula wapi.

Basi baba akaanza kuacha nusu sahani. Halafu akawa anakunywa chai tu. Halafu ikawa kila Jumapili ameshiba. Mama jirani alivumilia mwezi mzima, kisha Jumapili moja akaingiza vidole kwenye sahani ya baba, akachukua tonge, akalila mbele yetu wote huku akimtazama.

"Ona, Papa. Nimeonja. Sasa mukule."

Baba aliitazama ile sahani. Macho yake yalijaa maji. "Aksanti, Maman," akasema, "sina njaa." Akainuka, akatoka.

Njiani nilimfokea. Nilimwambia amekuwa mtu wa majivuno, kwamba mama wa watu amejidhalilisha mbele ya mumewe kwa ajili yake. Kumbe kuna aliyeona kutoka barabarani, maana kufikia Jumatano soko zima lilikuwa na habari. Wateja wakaanza kulipita karai la mama jirani kama vile lina moshi mbaya. "Kikulacho ki nguoni mwako," wanawake waliniambia, wakinishika bega kwa huruma ambayo sikuiomba. Sambaza zake alirudi nazo nyumbani, zimepoa.

Wiki mbili baadaye ndipo nikaipiga pasi ile suruali. Nilimwekea baba mapajani. Aliigeuza, akaukagua mshono wake kana kwamba ananitafutia kosa.

"Haipite, mwanangu," akasema. "Chakula. Inafika hapa," akagusa kifua, "inasimama."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Pasaka."

"Na mama jirani umemwacha ateseke hivi? Si ungesema unaumwa?"

"Ningesema? Batu bangeuliza nimekula kwa nani. Na mimi nakula kwa nani, kama si kwake?"

Niliketi chini. Alikuwa amenyamaza ili kumlinda, na kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma yule mama. Sijawahi kumhurumia mtu na kutaka kumpiga kwa wakati mmoja kama siku ile.

Hospitali walimwingiza mpira mwembamba wenye taa kooni, wakatuambia ni kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wakati ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu: mpeleke nyumbani, mpe uji. Lakini shangazi yangu alikuwa akifanya usafi katika hospitali moja Ubelgiji, na shangazi huyo akishika jambo haachi. Aliwalilia madaktari wa kwao, akawapelekea picha na karatasi, hadi mmoja akakubali. Baba akapanda ndege ndogo uwanjani Kamembe akiwa na suti aliyoipunguza mara ya nne. Mama jirani alisimama mlangoni kwake. Hakuvuka kichochoro.

Nilivuka mimi. Nilimwambia kila kitu.

"Miye nakuamini," akasema. "Soko je, itaamini?"

Nilijaribu. Nilipita kila kibanda nikieleza. "Kansa njo jina bazungu banapatia sumu," muuza chumvi akaniambia, na wote wakaitikia kwa vichwa. Kwa nini aende mbali hivyo, wakauliza, kama si kutolewa kitu?

Baba alirudi baada ya miezi mingi, sauti imekwaruza, shati linampepea. Mlango ulipofungwa nilimvua lile shati kwa mikono yangu, nikijiandaa kuona kovu kama la majeruhi wa vita, lile linalotoka kifuani hadi kitovuni. Sikuliona. Kwenye mbavu za kulia kulikuwa na alama nne ndogo. Tumboni tano. Shingoni mkato mmoja mfupi ambao kola ingeuficha. Nilizigusa moja moja kwa kidole. Matundu ya vifungo! Yangu ya makoti ni makubwa kuliko yale.

"Walipita hapa?"

"Hapo."

"Wakatoa umio mzima?"

"Karibu yote. Tumbo wakaifanya mrija, wakaivuta juu, wakaiunga hapa." Akagusa shingo. "Niko nakula kidogo kidogo, kila kisha saa mbili. Na nalala nimeinuka, kama mugeni kwenye kiti."

Waliokuja kumpa pole baba aliwaonyesha, na sokoni zile alama ziliharibu mambo zaidi. Upasuaji gani usio na kovu? Wamemfyonza sumu kwa sindano, wakasema. Mama jirani akaacha kabisa kukaanga.

Lakini baba hakurudi mikono mitupu. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani, akamjibu ni mshonaji, na baba akamuuliza kwa ukali kidogo: umeshonaje ndani ya mtu bila kumfungua? Daktari alicheka. Siku ya kuondoka akampa kaseti ya video.

Video katika mtaa wetu ilikuwa moja, kwa fundi redio, mume wa mama jirani. Na baba, yule yule aliyenyamaza hadi mambo yakaharibika, akavaa suti, akapita kibanda kwa kibanda na sauti yake iliyokwaruza, akaalika soko. Muuza chumvi alimwalika mara mbili.

Walikuja Jumamosi mchana, wakajaa sebuleni, wengine wakachungulia dirishani. Mama jirani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani. Fundi redio akaingiza kaseti.

Mwanzo sikuelewa ninachokitazama. Pango jekundu, linang'aa, limelowa. Upande mmoja kitu cha waridi kimenywea. Baba akasema ni pafu lake, walilipumzisha ili wapate nafasi. Vikaingia vijiti viwili virefu, vyembamba, kila kimoja na mdomo mdogo mbele. Na nyuma ya ngozi laini, kitu kilikuwa kinaruka. Kinaruka, kinatulia, kinaruka.

"Huo ni moyo," akasema baba.

Muuza chumvi alijifanyia ishara ya msalaba, na Mwislamu mmoja dirishani akasema Subhanallah. Mimi niliutazama moyo wa baba yangu ukidunda kwenye televisheni, na baba mwenyewe ameketi kando yangu, bega lake limegusa langu, joto. Nililia. Sikuona haya. Nilifikiri: Mungu peke yake ndiye aliyepaswa kuona hili, na leo ameturuhusu tuchungulie, kupitia tundu la kifungo.

Vile vijiti vilitembea kando ya moyo bila kuugusa. Vilibana, vilikata, vilichoma damu kabla haijatiririka. Baba alisogea mbele kwenye kiti. Tumbo lilipofikiwa, kikaingia kifaa kilichong'ata, kikaachia, na nyuma yake nyama ilikuwa imekatika na imeshonwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

"Ile mashine!" baba akasema. "Ile ningeipata mimi!"

Watu wakacheka, pumzi zikawatoka. Akatuambia daktari alimweleza kwamba kuna mahali wanajaribu mashine yenye mikono, daktari ameketi pembeni, anachezesha vidole, na mikono ya chuma ndiyo inashona. Hapo watu wakagoma kuamini. Fundi redio peke yake akasema, "Kwa nini hapana? Redio, mutu iko kule, sauti iko hapa."

Mwishoni kabisa wakakiweka kipande walichokitoa juu ya kitambaa cha kijani. Mkono wenye glavu ukakipasua kwa urefu. Ndani kulikuwa na uvimbe mweupe, mgumu, umejaa pande zote, na katikati njia iliyobaki isingepitisha punje ya harage.

Mama jirani alikuwa amesimama. Alipita katikati ya watu hadi mbele ya televisheni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Njo hii?" akauliza. "Njo hii ilikuwa inakatala chakula yangu?"

"Njo hii, Maman."

Muuza chumvi alikuwa anatazama miguu yake.

Mama jirani akaingia jikoni. Alirudi na sahani ndogo, bugali laini na sambaza za nyanya zilizopikwa hadi zikalegea. Akaiweka mbele ya baba, mbele ya soko lote, na kama Jumapili ile mbaya akapeleka vidole aonje.

Baba alimshika mkono.

"Wacha kuonja."

Akamega tonge yeye mwenyewe. Akatafuna sana, kama alivyofundishwa. Sote tulikuwa tunaitazama shingo yake, na ile alama fupi juu ya kola, tukaiona ikipanda, ikishuka. Akala tonge la pili. La tatu. La tano. Kisha akaisukuma sahani kidogo.

Uso wa mama jirani ulianza kubadilika.

"Imejaa, Maman, tumbo sasa ni kadogo," akasema. "Mufunike. Narudia saa kumi."

Saa kumi kamili akavaa koti. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na kichochoro, hatua ishirini hivi. Hakukipita. Alizunguka kwa barabara kubwa, akakatiza katikati ya soko taratibu, na kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu kwa ile sauti iliyokwaruza kwamba anakwenda kula kwa mama jirani.